Mali Bila Daftari

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu maneno haya huambiwa mwenye duka asiyependa kuandika alichouza na alichokopesha. Lakini katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, ya kuwa mithali hiyo yafaa pia kwa jambo ambalo huenda hujapata kulifikiria, nalo ni mikataba ambayo vyuo vikuu huandikiana na wageni wa nchi za nje. Miaka michache ijayo baadhi yenu mtaingia katika vyuo hivyo. Mtasoma vitabu vilivyochaguliwa na watu msiowajua, na mwishoni mtapewa shahada yenye mhuri. Nyuma ya vitabu hivyo na mhuri huo mara nyingi pana karatasi iliyotiwa saini kabla ninyi hamjafika. Yafaa mjue ni nani aliyeiandika, na ni nani aliyepewa ruhusa ya kuisoma.

Kwanza na tuelewane. Hakuna chuo kikuu duniani kinachojitosheleza. Mtaalamu wa maradhi ya mimea ataka mbegu za nchi nyingine azilinganishe na zake, mwanafunzi wa udaktari ataka kuona hospitali za wengine, na maktaba yahitaji vitabu vilivyochapwa ng'ambo. Kwa hiyo vyuo huagana: hiki kitatoa walimu, kile kitatoa nyumba, hiki kitalipa fedha, kile kitapokea wanafunzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tumepona mara nyingi kwa wageni wa namna hiyo. Basi hatuulizi kama wageni waje. Twauliza hivi: chuo cha umma hujengwa kwa kodi ya watu, na jina lake ni jina la nchi, wakuu wake wakiagana na mgeni, je, serikali ina haki ya kuitazama karatasi yao? Na serikali ikiisha kuitazama, nani ataitazama serikali? Historia imejibu maswali hayo kwa njia mbalimbali. Nitakusimulia visa vitatu.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado yaendelea, serikali ya Uingereza iliteua tume chini ya Jaji Cyril Asquith ichunguze elimu ya juu katika makoloni yake. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1945, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la vyuo vikuu vya Uingereza la kuvisaidia vyuo vya makoloni kwa mashauri na walimu. Kwa mpango huo chuo cha Makerere, huko Kampala, kilipandishwa daraja mwaka 1949, kikaingia katika kile kilichoitwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Maana yake ni kwamba Makerere ilifundisha, lakini shahada ilikuwa ya London. Mipango ya masomo na maswali ya mitihani yalipatanwa baina ya walimu wa Kampala na wenzao wa London, na hapakuwa na shahada mpaka London iridhike. Wanafunzi wa kwanza walizipata shahada hizo mwaka 1953. Mwaka 1961 chuo cha Nairobi kikaifuata njia hiyo hiyo, na chuo kipya cha Dar es Salaam vilevile.

Tusiukane wema wa mkataba huo. Shahada iliyopatikana Kampala ilipokewa mahali popote palipopokewa shahada ya London, wala hapana aliyeweza kuidharau akisema ni shahada ya kikoloni iliyopunguzwa. Tena London ilikubali masomo yageuzwe kidogo ili yalingane na nchi, hata mwanafunzi wa elimu ya mimea akachunguza mimea ya huku badala ya ile ya Ulaya. Walakini tazama ni nani walioketi mezani. Waliotoa na waliopokea walikuwa chini ya taji moja. Serikali ilikuwako, nayo iliitazama karatasi neno kwa neno, lakini haikuwa serikali iliyochaguliwa na wazazi wa wanafunzi. Mwangalizi na mwangaliwa walikuwa watu wa nyumba moja.

Mwezi wa Juni mwaka 1963 vyuo hivi vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Julius Nyerere akiwa mkuu wake, nacho kikaanza kutoa shahada zake chenyewe. Mwaka 1970 muungano huo nao ukavunjika, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Basi waweza kudhani kwamba London ilikuwa imekwisha kuondoka. Lakini mkataba hufa, na mazoea yake yakaishi. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya shahada za London kukoma, walimu watatu wa Nairobi waliandika waraka uliozusha majadiliano makali. Walikuwa James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba. Waliuliza kwa nini chuo kilichoko Afrika kiweke fasihi ya Uingereza katikati na fasihi ya Afrika pembeni. Wakashauri idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake iwekwe idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Mkataba ulikuwa umekwisha, lakini mpango wake wa masomo ulikuwa ungali umekaa kitini.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Mkataba wa chuo huwafunga watu ambao hawakuwapo ulipotiwa saini, na huwafunga kwa muda mrefu kuliko miaka iliyoandikwa ndani yake.

Katika kisa hicho cha kwanza karatasi ilijulikana na wote. Sasa sina budi kukupeleka mbali, hata Marekani na Vietnam, nikuonyeshe karatasi iliyokuwa na upande uliofichwa. Maana wako watu wadhanio kwamba serikali ikihusika tu, hatari imekwisha.

Mwaka 1955 chuo kikuu kimoja cha Marekani, Michigan State University, kilifanya mkataba wa kuisaidia serikali ya Vietnam ya Kusini, iliyokuwa chini ya Ngo Dinh Diem. Maprofesa walivuka bahari wakafundishe utawala na kazi ya polisi, na gharama zililipwa na serikali ya Marekani. Kwa nje kazi hiyo ilikuwa njema: nchi changa yataka makarani, mahakimu na askari waliofunzwa. Lakini miongoni mwa watu walioandikwa kuwa ni wa chuo, katika sehemu ya polisi, walikuwamo maofisa wa CIA, yaani shirika la ujasusi la Marekani. Walivaa jina la chuo kama mtu avaavyo joho la kuazima.

Mambo yaliharibika kwa pande mbili. Baadhi ya maprofesa waliorudi kwao waliandika makala za kuilaumu serikali ya Diem, kama ilivyo haki ya mwanachuoni kusema alichokiona. Diem alikasirika, na mwaka 1962 akakataa mkataba usiendelee. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 1966, gazeti moja liitwalo Ramparts lilitangaza habari za majasusi wale. Aliyesaidia kuifichua siri hiyo, Stanley Sheinbaum, alikuwa mmoja wa watu walioratibu kazi yenyewe chuoni. Fadhaa ikawa kubwa. Wanafunzi na walimu ambao hawakujua lolote walijikuta jina la chuo chao limetajwa pamoja na upelelezi na vita.

Fikiri vizuri juu ya kisa hiki, msomaji. Huwezi kusema kwamba serikali haikuuona mkataba. Serikali ilikuwa mle ndani. Waliotiwa gizani ni raia waliolipa kodi, na wanachuo waliobeba jina. Kwa hiyo funzo la pili ni hili: usimamizi wa serikali hautoshi kama usimamizi huo nao ni siri. Mlinzi asiyeonekana ni vigumu kumtofautisha na mwizi.

Visa hivi viwili ni vya zamani. Cha tatu ni cha karne hii, nacho chatugusa sisi pia. Mwezi wa Novemba mwaka 2004, China ilifungua mjini Seoul, katika Korea ya Kusini, taasisi ya kwanza ya Confucius, iliyopewa jina la mwanafalsafa wao wa kale. Taasisi hizo zilikusudiwa kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina. Mwezi wa Desemba mwaka 2005 ya kwanza katika bara zima la Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ikishirikiana na chuo kikuu kimoja cha walimu cha mji wa Tianjin. Desturi ilikuwa kwamba ofisi moja ya Beijing, iliyojulikana kwa jina la Hanban, italeta walimu, vitabu na sehemu ya fedha, na mwenyeji atatoa vyumba na watu wa kusimamia. Katika muda wa miaka kumi na mitano taasisi hizo zilipita 500 duniani.

Wenye kuzitetea walisema, na kwa haki, kwamba Waingereza, Wafaransa na Wajerumani nao wana vituo vya kueneza lugha zao katika miji mingi, Nairobi ikiwamo. Waliozishuku walijibu kwamba vituo hivyo vina nyumba zake mjini, lakini taasisi za Confucius zimo ndani ya chuo chenyewe. Ugomvi haukuwa juu ya lugha ya Kichina, ambayo ni lugha ya watu wengi na yenye elimu nyingi. Ulikuwa juu ya nani amwajiriye mwalimu, na ni mambo gani asiyoruhusiwa kuyataja darasani. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Canada, kilifunga taasisi yake baada ya mwalimu mmoja kulalamika kwamba mkataba wake wa kazi ulimkataza kufuata imani aliyoichagua. Mwaka 2014 walimu zaidi ya 100 wa Chuo Kikuu cha Chicago walitia saini wakitaka taasisi yao isiendelee, na mwaka huo huo chuo kikaacha mazungumzo ya kuufufua mkataba.

Australia ndiko serikali ilikokwenda mbali kuliko nchi nyingine nyingi, kwa hiyo yafaa tukae huko kidogo. Nchi hiyo ni shirikisho la majimbo. Vyuo vikuu vyake vingi viliundwa kwa sheria za majimbo, lakini mambo ya nje ni kazi ya serikali kuu iliyoko Canberra. Kwa muda mrefu hapana aliyeuliza habari za mikataba ya vyuo. Mwaka 2019 magazeti yalipata nakala za baadhi ya mikataba ya taasisi za Confucius, wakakuta katika kadha wa kadha maneno ya kukitaka chuo kikubali makadirio ya makao makuu ya Beijing juu ya ubora wa ufundishaji. Vyuo vilijibu kwamba masomo yao yalikuwa bado mikononi mwao. Yamkini ilikuwa kweli. Lakini wenye nchi waliyasoma maneno hayo gazetini, miaka mingi baada ya wino kukauka. Na kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba mwaka 2018, jimbo la Victoria lilikuwa limetia saini hati ya maelewano na China juu ya mpango wa biashara na ujenzi ujulikanao kama Ukanda na Njia. Kwanza likakataa kuichapisha, kisha likaichapisha mwezi uliofuata baada ya kelele nyingi.

Mwezi wa Desemba mwaka 2020 Bunge la Canberra lilipitisha sheria mpya juu ya mambo hayo. Sheria ilivitaka majimbo, halmashauri za miji na vyuo vikuu vya umma vimjulishe Waziri wa Mambo ya Nje kila mkataba walio nao na serikali ya kigeni au idara zake. Chuo kikuu cha kigeni nacho kilihesabiwa kama hakina uhuru wake. Kwa mfano, ikiwa wengi wa wakuu wake lazima wawe wanachama wa chama kitawalacho, au walimu wake lazima wafundishe kwa kufuata siasa ya chama hicho. Mkataba uliotiwa saini na chuo sharti utajwe katika siku 14. Hata mikataba ya zamani ilitakiwa ipelekwe, na vyuo vikapewa hadi mwezi wa Juni mwaka 2021. Waziri akiona kwamba mkataba wadhuru uhusiano wa nchi na mataifa mengine, au hauafikiani na siasa yake ya nje, aweza kuuvunja. Tena sheria iliamuru pawe na daftari la wazi, ambalo mtu yeyote aweza kulifungua na kuona ni nani ameagana na nani.

Tarehe 21 Aprili mwaka 2021 Waziri Marise Payne alitumia uwezo huo kwa mara ya kwanza. Mikataba zaidi ya 1,000 ilikuwa imekwisha kuletwa. Alivunja minne, yote ya jimbo la Victoria: miwili na China juu ya Ukanda na Njia, ya mwaka 2018 na 2019, mmoja na Iran wa mwaka 2004, na mmoja na Syria wa mwaka 1999. Katika hiyo minne haukuwamo hata mmoja wa chuo kikuu.

Vyuo vilikuwa vimeilalamikia sheria hiyo tangu ilipokuwa mswada. Vilisema ya kuwa kazi ya kuandika na kupeleka karatasi itawalemea, na kwamba mtaalamu wa ng'ambo akisikia kuwa mapatano yake yaweza kukatwa wakati wowote, atatafuta rafiki mwingine. Malalamiko mengine yalikuwa mazito zaidi. Sheria haikumlazimisha Waziri kuwasikiliza wenye mkataba kabla ya kuuvunja. Mtu mmoja, ofisini mwake, aliweza kuikata kamba ambayo wengine waliisokota kwa miaka, wala wasipate kusimama mbele yake na kujitetea. Walioitetea sheria walijibu kwamba mambo ya nje hayawezi kuendeshwa kwa sauti mia, na kwamba chuo hakina ubalozi wala wapelelezi wa kujua kila kilicho nyuma ya mgeni wake.

Mimi naona kila upande ulisema neno la kweli. Lakini ukitaka kujua ni sehemu gani ya sheria hiyo iliyo na faida kubwa zaidi, angalia hesabu. Kati ya mikataba zaidi ya elfu iliyoletwa, shoka la kwanza liliangukia minne. Ile mingine haikukatwa siku ile, lakini ililetwa, ikaandikwa. Shoka ni la Waziri, na Mawaziri hubadilika. Leo huyu ni mwadilifu, kesho mwingine atavunja mkataba kwa sababu profesa mmoja ameisema vibaya serikali yake. Daftari ni la watu wote. Kama Michigan ingalikuwa na daftari la namna hiyo, lenye majina ya kweli na kazi za kweli, hila ya mwaka 1955 isingalidumu. Na kama wazazi wetu wangalionyeshwa daftari la mwaka 1949, huenda maswali ya mwaka 1968 yangaliulizwa mapema. Ila daftari la Australia nalo lina upungufu wake: sheria haikulazimisha maneno yote ya kila mkataba yachapwe. Kujua kwamba mlango upo ni hatua ya kwanza. Kujua ni nani mwenye ufunguo ni hatua nyingine.

Turudi kwetu. Hapa Kenya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kuikabidhi kazi ya kusimamia elimu hiyo na ubora wake. Zaidi ya hayo, kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kilimpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 ikaonyesha namna ya kuziomba. Tazama tofauti baina yetu na wale wa mwaka 1949. Wao hawakuwa na chombo chao cha kuangalia, wala haki ya kuuliza. Ninyi mnavyo vyote viwili. Lakini haki ya kuuliza ni kama jembe lililotundikwa ukutani: lisiposhikwa, halilimi.

Basi, utakapofika chuoni na kuona jengo jipya lenye bendera mbili mlangoni, usikimbilie kumchukia mgeni, wala usikimbilie kumpigia makofi. Jiulize mambo matatu. Nani atachagua kitakachofundishwa humu? Mwalimu wa humu akisema jambo lisilompendeza mwenye fedha, nani atamlinda? Na tukitaka kuuvunja ushirika huu, kuna mlango wa kutokea? Ukipewa majibu na kuonyeshwa karatasi, mkaribishe mgeni kwa moyo wote. Ukiambiwa kwamba karatasi haionyeshwi, hata kama aliyekuambia ni wa serikali yako mwenyewe, kumbuka mwenye duka asiye na daftari. Hakuibiwa siku moja. Aliibiwa kidogo kidogo, mchana kweupe, na siku alipotaka kujua alichokuwa nacho hakuwa na mahali pa kutazama.